UZI: Jimbo la Clare, Ireland: wakulima walioitikisa London, kisha wakanyang'anywa kura

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Tukigusa historia ya majimbo huwa tunahesabu wabunge: fulani alishika mwaka gani, nani alimwangusha, nani alihama chama. Leo naomba nilete jimbo moja la wakulima na nilisimulie kwa kuanzia kwa mpiga kura. Ni Clare, magharibi mwa Ireland, tangu 1801 Ireland ilipounganishwa na Uingereza hadi 1922 lilipoacha kuwa jimbo la Bunge la London. Nimelisoma kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: kura ya mkulima ilikuwa na nguvu kadiri mkulima mwenyewe alivyokuwa salama kwenye shamba lake. Aliyeweza kumtoa shambani ndiye aliyemiliki kura yake.

Clare imekaa kati ya mto Shannon na Bahari ya Atlantiki. Kaskazini ni Burren, nchi ya mawe. Ukanda wa bahari una magenge marefu ya Moher. Makao makuu ni Ennis, na kule kusini-magharibi, karibu na mlango wa Shannon, kuna bandari ndogo ya Kilrush. Wananchi karibu wote walikuwa Wakatoliki, wengi wao wapangaji wa vishamba vidogo, na chakula chao kilikuwa viazi mviringo. Ardhi ilikuwa ya makabaila wachache, wengi wao Waprotestanti: akina O'Brien wa Dromoland, akina Vandeleur wa Kilrush, akina Fitzgerald. Ireland nzima ilipewa viti 100 London, na kila kaunti ilipeleka wabunge wawili.

Sasa, nani alipiga kura? Hapa naomba tusikimbie.

Mwaka 1793 Wakatoliki waliruhusiwa kupiga kura lakini si kuingia Bungeni. Sharti la kura kwenye kaunti lilikuwa kushika ardhi kwa mkataba wa maisha, na ardhi hiyo iwe na thamani ya shilingi 40 kwa mwaka juu ya kodi unayolipa. Mkataba wa maisha ulitaja watu kwa majina, mara nyingi watatu, na shamba lilibaki kwa mpangaji mpaka afe wa mwisho kati ya waliotajwa. Shilingi 40 ni pauni mbili tu. Makabaila wakaona mwanya: ukiikata ardhi yako vipande vidogo na kugawa mikataba hiyo kwa watu 500, una kura 500 za kwenda nazo kwa waziri kuomba vyeo vya watoto wako. Kwa hiyo wapiga kura wakaongezeka sana, si kwa sababu kuna mtu aliyependa demokrasia.

Utauliza, mwenye mkataba wa maisha anatishwaje? Kwa deni. Ilikuwa desturi kabaila kumwachia mpangaji mpya kodi ya nusu mwaka idaiwe nyuma. Deni hilo halikudaiwa miaka nenda rudi, hadi siku mpangaji akileta ubishi. Siku hiyo wakala anadai yote kwa mkupuo, na asiye nayo anatolewa na ng'ombe wake wanakamatwa.

Na kura yenyewe haikuwa ya siri. Hakukuwa na karatasi. Mtu alisafiri hadi Ennis, akapanda mbele ya karani na mawakala na umati, akatamka kwa sauti jina la anayemchagua, likaandikwa kitabuni kando ya jina lake. Wapangaji walikuja kwa makundi, kabaila au wakala wake akiwa mbele.

Hivyo ndivyo jimbo lilivyoendeshwa mpaka mwaka 1828.

Mwaka huo Waziri Mkuu alikuwa Duke wa Wellington, yule aliyempiga Napoleon kule Waterloo. Alimteua mbunge wa Clare, William Vesey Fitzgerald, kuwa waziri wa biashara. Sheria ya wakati ule ilimtaka mbunge anayepewa uwaziri arudi jimboni achaguliwe upya. Fitzgerald hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mprotestanti aliyeunga mkono haki za Wakatoliki, na jimboni alipendwa. Kila mtu alijua atapita.

Upande wa pili kulikuwa na Jumuiya ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1823 na wakili Daniel O'Connell na wenzake. Nguvu yake ilitokana na mchango wa senti moja ya Kiingereza kwa mwezi, uliokusanywa parokiani kuanzia 1824. Mtu maskini kabisa akawa mwanachama. Jumuiya ilikuwa imeapa kumpinga kila mgombea wa serikali ya Wellington. Ikamtafuta Mprotestanti mwenye msimamo asimame Clare, Major MacNamara, akakataa. Ndipo likaja wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: asimame O'Connell mwenyewe. Sheria haikumkataza Mkatoliki kugombea. Kilichomzuia ni kiapo cha mlangoni Bungeni, kilichomtaka akane imani yake.

Kampeni ilikuwa ya siku chache. Wafuasi wake O'Gorman Mahon na Tom Steele walizunguka kaunti usiku na mchana. Mapadri walihubiri makanisani na kisha wakatembea na waumini wao hadi Ennis. Anayekumbukwa zaidi ni padri John Murphy wa Corofin. Watu waliokadiriwa kufika 30,000 waliingia kwenye mji ule mdogo, wakalala nje, na amri ilikuwa moja: hakuna kunywa wiski. Serikali ilikuwa imepeleka askari wakisubiri fujo. Hakukuwa na fujo.

Jambo ninalotaka mlione kwa karibu ni hili. Sir Edward O'Brien wa Dromoland, kabaila mkubwa wa jimbo, alikuwa upande wa Fitzgerald, naye alitarajia wapangaji wake wamfuate kama ilivyokuwa miaka yote. Walipofika Ennis walimwacha wakaenda kwa mapadri. Kila mmoja akapanda, akamtazama wakala anayejua deni lake, akatamka: O'Connell. Kura zilipigwa kwa siku tano. Tarehe 5 Julai 1828 matokeo yakatoka: O'Connell 2,057, Fitzgerald 982.

Nitaendelea na kilichofuata. Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu nimekaa mkao wa kula. Swali: hao wakulima walikuwa wanajua kabisa kwamba wakirudi nyumbani watadaiwa hilo deni? Au walidhani mapadri watawalinda?

#3 Mleta uzi

Walijua, mkuu. Walikuwa na mfano mbele yao. Mwaka 1826, kwenye uchaguzi mkuu, wapangaji wa kaunti ya Waterford walimwangusha mgombea wa ukoo wa Beresford, ukoo uliokuwa ukiiona kaunti ile kama mali yake, na kaunti za Louth na Monaghan pia zikawaasi makabaila. Baada ya hapo deni likadaiwa na watu wakatolewa mashambani. Jumuiya ililazimika kutumia fedha za michango kuwasaidia. Kwa hiyo aliyekwenda Ennis 1828 alikuwa amekwisha kusikia habari za 1826. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoandika kwamba wakulima walisukumwa na mapadri kama mifugo. Mtu anayesukumwa anafuata aliye na nguvu ya kumdhuru, na mwenye nguvu hiyo alikuwa kabaila.

Sasa London. Wellington na waziri wake wa mambo ya ndani, Robert Peel, waliona hesabu iliyo mbele yao. Wakimzuia O'Connell, uchaguzi ujao kila kaunti ya Ireland itamchagua mtu asiyeweza kuapa, na nyuma ya kila mmoja kuna watu maelfu wenye nidhamu ya Ennis. Mfalme George IV hakutaka kabisa kusikia habari hizo. Peel, aliyejijengea jina kwa kupinga haki za Wakatoliki, alijiuzulu kiti chake cha Chuo Kikuu cha Oxford ili apimwe upya, akaangushwa, ikabidi atafutiwe kiti cha Westbury. Hata hivyo sheria ilipita. Tarehe 13 Aprili 1829 Wakatoliki wakaruhusiwa kuingia Bungeni na kushika karibu vyeo vyote vya umma.

Siku hiyohiyo ilipita sheria ya pili. Hii ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Sheria ya pili ilipandisha sharti la kura kwenye kaunti za Ireland kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Mara tano. Wapiga kura wa kaunti walikuwa kama 216,000, wakabaki kama 37,000. Watu waliolala nje Ennis bila kunywa, waliotamka jina mbele ya wakala, wakafutwa kwenye daftari. Serikali ilisema wazi kwamba ni sharti la kuruhusu ile ya kwanza: wakubwa wa Kikatoliki waingie Bungeni, na wadogo wa Kikatoliki watolewe kwenye uchaguzi.

Zaidi ya hapo, sheria ya kwanza iliandikwa isimguse aliyechaguliwa kabla yake. O'Connell alikwenda Bungeni Mei 1829, akaletewa kiapo cha zamani, akakisoma na kukataa, akisema kina jambo analojua si kweli na jingine asiloliamini. Ikabidi arudi Clare. Julai 30, 1829 alipita bila kupingwa, na safari hii kura za wale wa shilingi 40 hazikuhitajika.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuandikwa kwenye sheria. Kabaila aliyewagawia watu vishamba ili apate kura, sasa vishamba vile havikumpa kitu kisiasa. Mpangaji mdogo akawa mzigo tu. Ile mikataba ya maisha ikiisha, hakukuwa na sababu ya kuitoa tena.

#4 Mchangiaji, Songea

Uzi mzuri, lakini mkuu unamwonea O'Connell. Siasa ni kujadiliana. Angekataa sheria zote mbili, Wakatoliki wangebaki nje miaka mingine 20. Yeye alifungua mlango, wengine wangekuja kudai kura baadaye. Na alikuwa mtu aliyepinga kumwaga damu maisha yake yote. Wangapi wako hivyo?

#5 Mleta uzi

Mkuu wangu wa Songea, hilo la damu nakubali kwa moyo wote, na nitaongeza kwamba alikuwa miongoni mwa sauti kali za kupinga utumwa katika Bunge lile, hata pale iliposababisha ugomvi na Waairishi wa Marekani waliokuwa wakimchangia fedha. Ni mtu mkubwa.

Lakini kwenye hili la shilingi 40 rekodi iko wazi. Mwaka 1825 kulikuwa na muswada kama huu, na O'Connell alikubali kura za shilingi 40 ziondolewe kama bei ya mapatano. Hoja yake ilikuwa kwamba mpiga kura wa namna ile ni mtumwa wa kabaila, hana anachopoteza. Muswada ukakwama kwenye Bunge la Mabwana. Mwaka uliofuata Waterford ikamwonyesha kwamba wale aliowaita watumwa walikuwa na uti wa mgongo kuliko mabwana wengi. Akakiri hadharani na akaahidi hatawatoa tena. Halafu 1829 ikafika. Yalitolewa maombi na malalamiko, lakini mapambano kama yale ya Clare hayakuitishwa.

Hoja yako kwamba wengine wangekuja kudai baadaye ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli walikuja. Ila angalia kilichowapata watu wa Clare kati ya 1829 na hapo.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka, samahani nakukatisha. Hapo katikati si ndiyo kuna ile njaa kubwa ya viazi? Wabunge wa Clare walifanya nini? Nisaidie hapo maana huwa nasoma njaa peke yake na siasa peke yake.

#7 Mleta uzi

Dada, umeuliza swali lenyewe.

Ugonjwa wa viazi uliingia 1845. Sensa ya 1841 iliikuta Clare na watu zaidi ya 286,000. Ya 1851 ikakuta kama 212,000. Hao waliopungua ni vifo, na meli za kwenda Marekani.

Juni 1847 Bunge la London lilipitisha sheria ya misaada yenye kifungu kimoja kilichopendekezwa na William Gregory: anayeshika ardhi zaidi ya robo eka hapati msaada. Maana yake mkulima mwenye njaa achague, chakula au shamba. Na mara nyingi wakala hakuridhika na kuachiwa shamba, alitaka nyumba ivunjwe ili mtu asirudi. Wakati huohuo gharama za kuwalisha maskini ziliwekwa juu ya wenye ardhi wa eneo, na kwa vishamba vidogo sana kabaila ndiye aliyetozwa badala ya mpangaji. Kila familia iliyoondolewa ilimpunguzia kabaila tozo hiyo. Sheria yenyewe ikawa inamlipa kwa kufukuza.

Hakuna mahali palipoumia kama eneo la Kilrush, kusini-magharibi mwa jimbo. Serikali ilimpeleka huko Kapteni Arthur Kennedy kusimamia misaada. Alianza kuandika orodha: jina la aliyefukuzwa, idadi ya watu nyumbani, jina la kabaila, nyumba imevunjwa au la. Maelfu kwa maelfu. Orodha hizo zilifika Bungeni na kuchapishwa, na mwaka 1850 kamati iliyoongozwa na George Poulett Scrope ikachunguza. (Huyu Kennedy baadaye akawa gavana Sierra Leone, Australia Magharibi, Hong Kong na Queensland. Dola iliwahamisha watu wake hivyo.)

Desemba 1849 gazeti la Illustrated London News lilichapisha michoro ya Kilrush. Mmoja ni wa mama anayeitwa Bridget O'Donnel na watoto wake wawili, nguo zimechanika, miguu mitupu. Maelezo yake yaliandikwa chini. Alikuwa mjamzito na ana homa walipokuja kuvunja nyumba akiwa ndani. Majirani wawili wakambeba nje. Siku nane baadaye akajifungua mtoto mfu, na kijana wake wa miaka 13 akafa kwa njaa wakati wote wako hoi kitandani. Kosa lao lilikuwa kodi. Mnaweza kuutafuta mchoro huo, uko wazi mtandaoni.

Sasa jibu la swali lako. Mwenyekiti wa bodi ya misaada ya Kilrush alikuwa Kanali Crofton Moore Vandeleur, kabaila mkubwa kuliko wote pale, ambaye familia nyingi zilifukuzwa kwenye ardhi yake. Mwaka 1859 kanali huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Clare, akakaa hadi 1874. Mtu aliyeandikwa kwenye orodha za Kennedy kama mfukuzaji ndiye aliyewawakilisha walionusurika. Mlikuwa mkijiuliza kura ya wazi ya wenye mali ilileta nini: ilililetea jimbo mbunge wa namna hiyo.

Sheria ya 1850 iliongeza wapiga kura wa Ireland zaidi ya mara tatu, lakini kura ikabaki ya wazi, na hatari ikabaki palepale. Julai 1852, siku za uchaguzi, askari walikuwa wakisindikiza wapangaji wa kabaila mmoja kwenda kupiga kura Six Mile Bridge. Wenyewe wako kwenye magari ya farasi, umati umewazuia njiani ukitaka wasimpigie mgombea wa kabaila. Mawe yakarushwa, askari wakafyatua risasi, wakauawa watu wasiopungua sita. Mpiga kura yuko katikati ya bunduki za serikali na mawe ya jirani zake, na kote huko kosa lake ni kwamba jina atakalotamka litasikika.

#8 Mchangiaji, Tabora

Mwalimu mstaafu hapa. Nimesoma hadi hapa nikakumbuka kura tatu za 1958 na 1959 kwetu Tanganyika. Dola ni ileile. Kura ilikuwa kwa mwenye kipato, elimu au cheo fulani, na kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU walikutana hapa Tabora Januari 1958 kuamua waingie au wasusie. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, wakashinda. Wasiojua wadhani masharti yale yalitungwa kwa ajili yetu tu.

#9 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Nakushukuru sana. Tofauti ninayoiona ni kwamba Tabora waliingia kwenye masharti mabaya ili wayavunje kwa ushindi, na mwenye kura ya kawaida akaja kuipata ndani ya miaka michache. Clare waliokuwa na kura walinyang'anywa baada ya kushinda, na wajukuu wao ndio walioirudisha.

Nimalizie safari.

Kura ya siri ilikuja 1872. Kwangu mimi hiyo ni tarehe kubwa kuliko karibu zote za jimbo hili. Uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake, 1874, ndio Kanali Vandeleur alipopoteza kiti na wanaodai Ireland ijitawale ndani ya dola wakajaa Bungeni.

Uchaguzi wa 1880 ulileta wabunge wawili wa ajabu. Mmoja ni yuleyule O'Gorman Mahon wa kampeni ya 1828, sasa mzee wa miaka 80. Wa pili ni Kapteni William O'Shea. Mahon ndiye aliyemtambulisha O'Shea kwa Charles Stewart Parnell, kiongozi wa chama cha hao wanaodai kujitawala. Mke wa O'Shea na Parnell wakapendana, kesi ya talaka ya 1890 ikamwangusha Parnell na kukigawa chama. Hii watu wanaipenda kuisimulia. Mimi naipita.

Kilicho na uzito ni hotuba ya Parnell mjini Ennis, tarehe 19 Septemba 1880. Vita vya ardhi vilikuwa vimepamba moto. Aliuliza umati: afanywe nini mtu anayechukua shamba ambalo mwenzake amefukuzwa? Wengine wakapiga kelele: apigwe risasi. Parnell akasema iko njia bora. Mpiteni barabarani kama hamjamwona, mkwepeni dukani, sokoni, mnadani, hata mahali pa ibada. Mwacheni peke yake. Wiki chache baadaye mbinu hiyo ilitumika kaunti ya Mayo dhidi ya wakala Kapteni Boycott, na dunia nzima ikasikia. Ila ilitamkwa Clare, na nadhani si bahati nasibu. Kama shamba la aliyefukuzwa halipati mpangaji mwingine, kabaila hana faida ya kufukuza. Ulikuwa ulinzi ambao wale wa 1828 hawakuwa nao.

Mwaka 1884 kura ikapanuliwa kwa wanaume wenye nyumba zao, wapiga kura wa Ireland wakaongezeka kama mara tatu, na 1885 Clare ikagawanywa majimbo mawili, Mashariki na Magharibi. Kufukuzana hakukukoma mara moja. Bodyke, 1887. Kilrush tena, 1888, kwenye ardhi ya akina Vandeleur. Safari hiyo polisi na askari walikuja na gogo kubwa lililoning'inizwa kwa minyororo kwenye miti mitatu, la kubomolea kuta, na mpiga picha alikuwepo. Kwenye picha zile unaona nyumba ya mawe yenye paa la nyasi, madirisha yamezibwa kwa matawi na miba, askari wamejipanga, na tundu kubwa ukutani. Lakini zilipofika magazetini, kila mbunge wa kaunti alikuwa upande wa walio ndani ya nyumba.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeanza kukopesha wakulima wanunue mashamba. Sheria kubwa ni ya 1903, ya waziri George Wyndham: kabaila analipwa na hazina, mkulima anairudishia hazina kidogokidogo kwa miaka mingi. Ndani ya muongo mmoja na nusu sehemu kubwa ya wapangaji wa Ireland wakawa wenye mashamba au wako njiani kuwa.

Tufike 1917. Mbunge wa Clare Mashariki tangu 1892 ni Willie Redmond, ndugu wa John Redmond kiongozi wa chama. Aliingia jeshini akiwa amepita miaka 50, akiamini Waairishi wakipigana upande wa Uingereza watapewa kujitawala. Aliuawa Messines, Ubelgiji, tarehe 7 Juni 1917. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Sinn Féin, chama kilichotaka Ireland ijitenge na Uingereza, wakamsimamisha Éamon de Valera, kamanda wa maasi ya Pasaka 1916 dhidi ya Waingereza, aliyetoka gerezani mwezi uleule. Ahadi yake ilikuwa kwamba akichaguliwa hatakwenda London hata siku moja. Tarehe 10 Julai akapata kura 5,010, na Patrick Lynch wa chama cha zamani 2,035.

Mwaka 1828 jimbo lilimchagua mtu aliyezuiwa kuingia Bungeni, na 1917 likamchagua aliyekataa kuingia. Waandishi wengi huishia kwenye mfanano huo. Mimi naona tofauti ya aliyekuwa anapiga kura. Wa 1828 alitamka jina mbele ya wakala akiwa na deni shingoni. Wa 1917 alikunja karatasi ndani ya kijisanduku na kurudi kwenye shamba ambalo hati yake ilikuwa inaelekea kuwa ya kwake.

#10 Mchangiaji, Songea

Mkuu, nimekuelewa zaidi kuliko mwanzo, ingawa kwa O'Connell bado nasimama nilipo. Halafu mbona wanawake hawaonekani popote?

#11 Mleta uzi

Hawakuwa na kura ya Bunge hadi 1918, na hapo ni wenye miaka 30 na kuendelea kwa masharti ya mali. Na kwa Clare kuna jambo la kusikitisha: uchaguzi mkuu wa Desemba 1918, wa kwanza kwao, majimbo yote mawili yalipita bila kupingwa, de Valera Mashariki na Brian O'Higgins Magharibi. Kwa hiyo wanawake wa Clare walisubiri tena. Hata 1921 na 1922 wagombea wa Clare walipita bila kupingwa, na mapambano ya kura kwa mbunge wa kaunti yakarudi 1923, wakati tayari kuna dola huru ya Ireland na kura imeshafunguliwa kwa wanawake wote kuanzia miaka 21. Agosti mwaka huo de Valera alikamatwa na wanajeshi akiwa jukwaani Ennis, na Clare wakamchagua akiwa kizuizini. Aliendelea kuwa mbunge wao hadi 1959 alipokuwa rais.